Kompyuta Nyuma ya Khanga

Jumatatu, 1 Juni

Vizibo vya soda tena mkekani baada ya chai. Kila kizibo ni shamba moja la miwa hapa Ruhembe. Katika mchezo huu mimi ni kompyuta. Nimekaa nyuma ya khanga niliyoitundika, nisione sura ya mtu, maana kompyuta haitaona. Mama na Shangazi Zena ni wakulima. Wanapitisha karatasi, narudisha kibali: choma miwa leo, kata kesho. Asiyekata siku yake anarudi mwisho wa mstari. Kanuni hiyo nimeitunga mwenyewe na naipenda. Haina upendeleo.

Ijumaa fundi anakuja kutoka Morogoro kuziingiza kanuni kwenye kompyuta ya chama chetu cha wakulima. Tangu wakulima tuachiwe kujipangia zamu za kuvuna, ni ugomvi tu. Nimemwomba Katibu tujaribu kwanza kwa mikono. Amecheka. Ameniruhusu.

Jumanne, 2 Juni

Imekwenda vizuri. Shangazi kaniamkia: "Shikamoo, Mheshimiwa Mashine!" Sikuitika. Mashine haiitiki. Mama amecheka hadi akafuta machozi. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Baba afariki. Nilibaki nyuma ya khanga muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, 3 Juni

Mchezoni leo Mama alipewa kibali, akachoma, hakukata. Nikauliza kuna nini.

"Kuna msiba," akasema. "Hatwendi shamba."

 

Kanuni yangu ilijua la kufanya. Nikakipeleka kizibo cha Mama mwisho. Kisha vya majirani wote wa siku ile, maana huku hakuna anayeshika panga la miwa kabla ya maziko. Mashamba yamekwisha kuchomwa, zamu hazipo. Miwa yote hiyo, isipokatwa upesi, ingechacha.

"Mashine hii haijapata kufiwa," Mama akasema. Bila hasira. Hilo ndilo lililoniumiza.

Baba alifariki siku ya zamu yetu, msimu uliopita. Majirani walichimba kaburi. Karani aliyekuwa akipanga zamu wakati ule alizisogeza za mtaa mzima bila kuombwa. Nilikuwepo. Nililia hapohapo uani. Halafu nikatunga kanuni kama mtu asiye na kwao.

Alhamisi, 4 Juni

Kanuni mpya: mjumbe wa mtaa akileta taarifa ya msiba, zamu za mtaa ule zinasimama. Maziko yakiisha, miwa iliyochomwa inatangulia.

Katibu hataki. "Binti, watu watazua misiba kila wiki." Nimekataa kuondoka ofisini. Nikamwomba aje kucheza mara moja tu.

Jioni akaja. Nikampa kibali. Shangazi akamnong'oneza kuwa mchezoni amefiwa, na amefiwa na nani. Jina sikulisikia. Nikakipeleka kizibo chake mwisho wa mstari, kwa kanuni ya zamani.

 Nilisikia kiti kikilia, kisha akakohoa. "Iandike hiyo yako. Mjumbe aweke sahihi."

Ijumaa, 5 Juni

Fundi amekuja, amezichukua kanuni zote, na ya msiba imo. Aliisoma mara mbili. 

Nimeokota vizibo. Nimeitungua khanga, Mama akaijifunga palepale na kuketi kumenya ndizi. Khanga ilikuwa yake muda wote.

Nikamwamkia, kama ndiyo kwanza nimerudi safari.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Akanisogezea kisu cha pili.