Mkunga Aliyegeuka Manjano

Jumatatu, 4 Machi
Manjano. Nimeiona asubuhi nikisugua kioo cha tangi — mstari mwembamba chini ya taya, katikati ya ule ubuluu wake. Nikarudia kutazama kwa tochi. Ni kweli. Mkunga wangu anageuka jike.

Miaka minne. Aliletwa mweusi tii, mwembamba kama utepe, bado kijana. Daktari, mkuu wetu hapa jumba la samaki, akasema aina hii haiwezi tangi, haili, hatamaliza wiki sita. Siku hamsini na mbili nilimnyooshea kisamaki kwa koleo, mkono ndani ya maji hadi ganzi. Siku ya hamsini na tatu akala. Baadaye akawa buluu: dume. Sasa hii. Yote yamo kwenye madaftari yangu, tarehe kwa tarehe.

Nimemwambia Daktari. Hakuinua macho kwenye simu. Eti ni mwanga wa taa.

Jumatano, 6 Machi
Manjano imepanda hadi puani, zile pua zake zilizochanua kama majani mawili. Na mwanga wa taa umekuwa ugunduzi. Daktari kaja na kamera, akaomba madaftari "dakika mbili tu." Nimempa. Mjinga mimi.

Ijumaa, 8 Machi
Madaftari yamerudi na alama za kahawa. Kwenye ubao wa matangazo, taarifa ya Daktari, kurasa tatu. "Nilibaini." "Nilimlisha." Alimlisha! Mtu anayeziba pua akipita karibu na ndoo ya chakula. Mwishoni anawashukuru "wahudumu kwa usafi wa vioo."

Nimemsomea mama. Kacheka mpaka akakohoa. Miaka thelathini alikuwa mkunga wodini, na mwanawe naye kaishia kwa mikunga — utani huo haumchoshi. Halafu akanionyesha viganja.

"Nusu ya mtaa huu nimeipokea kwa mikono hii," akasema. "Kwenye kadi zao, sahihi ni ya daktari."

Nilitaka anipoze. Hakunipoza.

Jumanne, 12 Machi
Manjano mwili mzima. Mzuri mno, ila hagusi chakula. Siku ya nne sasa. Tumbo limejaa — mayai, sina shaka. Wanasema jike wa aina hii hadumu sana baada ya kugeuka. Basi aachwe atulie.

Daktari anataka ahamishiwe tangi la ukumbini, waandishi wa habari wanakuja Alhamisi. Nikamwambia ukimhamisha sasa unamuua. Akatabasamu.

"Dada, wewe shughulika na vioo."

Jumatano, 13 Machi
Wamemhamisha nikiwa nimetoka kula. Kwa wavu. Mkunga hana magamba, kinga yake ni ute tu, na ute wote umebaki kwenye nyuzi. Nani kauosha huo wavu? Mimi.

Alhamisi, 14 Machi
Niko stoo, nimekalia ndoo.

Waandishi wako ukumbini. Mkunga katoa kichwa kwenye bomba lake la kujifichia, manjano tupu, katulia. Daktari anawaeleza: mnaona alivyozoea watu, anapumzika. Picha zikapigwa. Mimi nilikuwa nyuma na kitambaa changu, nikamtazama taya. Mkunga hupumua kwa kinywa. Hufungua, hufumba, hufungua, hata akilala. Watu hudhani anataka kuuma. Nikahesabu hadi sitini. Nikaanza upya, hadi mia tatu. Kinywa hakikusogea.

Daktari hajui. Kurasa tatu kaandika, na hajui.

Binti mmoja mwandishi akanigeukia. "Dada, ni wewe unayemlisha? Unaitwa nani?"

Daktari akadakia: huyo ni mhudumu wetu, ngoja atuletee kumbukumbu zangu. Eti zake. Ndiyo nikaja huku.

Ziko mapajani. Nikisema amekufa, kufikia jioni nitakuwa nimemuua mimi. Nikinyamaza, basi amelala, na ugunduzi una mwenyewe.

Daktari anagonga. "Dada, wageni wanasubiri," kwa ile sauti yake ya mbele za watu.

Nimefungua daftari la nne, ukurasa wa mwisho wenye maandishi. Nimejaza: Alhamisi, saa nne kasoro kumi, hapumui. Ukumbini. Alihamishwa jana kwa wavu. Miaka minne sijawahi kutia jina langu humu, sikuona haja. Sasa naliandika, herufi kubwa, haraka kama mwizi.

Kitasa kinazunguka. Nimeweka mguu mlangoni. Bado herufi tatu