Shanga za Daktari

Tarehe 6 Machi

Dada, shikamoo.

Goti bado linakusumbua? Mimi mzima. Barua yako nimepata. Huyo fundi cherehani uliyenitafutia nimwoe nimemsikia. Asubiri kidogo.

Kazini amekuja daktari. Anapima wanaume wote wa banda la kuchanganyia dawa, ile ya kuua minyoo ya udongoni. Wake za watu hawashiki mimba, ndiyo wameanza kuulizana. Mimi mke alishakufa, nikataka kukataa. Msimamizi akasema wote.

Kwanza maswali. Kisha damu. Kisha unavua suruali. Daktari ana shanga kwenye uzi, ndogo mpaka kubwa. Mkono mmoja shanga, mkono mwingine wewe, huko chini. Analinganisha ukubwa, kama mtu anachagua viazi. Mwisho unapewa kikopo cha kutilia mbegu, unaonyeshwa choo. Mwenzangu wa pampu akauliza, "Daktari, kijae?" Tulicheka, hadi daktari.

Mimi mdogo wako.

Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Goti nalikokota hivyo hivyo. Sasa wewe mtu mzima unashikwashikwa na shanga, huoni haya? Upimwe nini wewe? Tatizo lilikuwa la yule mwanamke, si tulishamaliza? Mimi mwenyewe nilimzungusha kwa waganga. Hospitali akasafishwa mara mbili. Tumbo lake likakataa. Amekufa, apumzike. Wewe bado mwanaume. Fundi cherehani ana mikono mizuri na maneno machache, mtafanana. Njoo umwone.

Ni mimi dada yako.

Tarehe 2 Aprili

Dada, shikamoo.

Pole na goti. Majibu yametoka. Kwenye kikopo changu hamna mbegu hata moja. Daktari aliangalia kwenye darubini, akarudia. Akanipa na mimi nichungulie. Niliona maji tu. Makarani wa ofisini wanazo. Sisi wa bandani wengine wanazo chache, wengine zao zinazunguka hapo hapo haziendi, wengine kama mimi.

Wametutoa bandani. Nafagia stoo. Mbegu mpya huchukua kama miezi mitatu, ndipo tutapimwa tena. Fundi cherehani usimwambie nakuja.

Mdogo wako.

Tarehe 15 Aprili

Mdogo wangu, marahaba.

Nimesoma nimekaa chini. Hilo jambo lifie hapo hapo. Oa tu. Nani atajua? Mtoto asipopatikana anayeulizwa ni mwanamke. Wewe nani atakuuliza?

Ni mimi dada yako.

Tarehe 20 Julai

Dada, shikamoo.

Natumaini unaendelea. Sikujibu. Nimekonda, suruali zinanidondoka.

Tumepimwa tena. Mwenzangu wa pampu mbegu zake zimeanza kurudi, yeye hakukaa sana bandani. Mimi hamna. Damu inaonyesha kichwa kinatoa amri kwa kelele, huko chini hakuna anayesikia. Ndivyo daktari alivyonieleza.

Nikamuuliza, labda nimezaliwa hivi? Akasema, mkeo aliwahi kushika mimba? Nikasema mara moja, ikatoka. Akasema, lini? Nikasema kabla sijahamia bandani. Akaandika. Akasema, basi hukuzaliwa hivi.

Mke wangu alilala kitandani kwa kila daktari uliyempeleka kwake. Alikunywa kila ulichompa, akatapika, akanywa tena. Mimi nimepewa kikopo kimoja, basi.

Nenda kwa mama mkwe wangu. Mwambie kwa mdomo wako. Ukitoka hapo mwambie na fundi cherehani. Usipokwenda usiniandikie.

Mdogo wako.

Tarehe 3 Novemba

Mdogo wangu,

Kama nakuandikia, jua nimekwenda. Mara mbili niliishia njiani, nikasingizia goti.

Nilimkuta mama mkwe wako anafua. Nikamwambia yote, banda, dawa, kikopo. Hakunikaribisha kiti. Akaendelea kufua. Nikasema nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya wifi yangu. Akasema, "Leo ndiyo amekuwa wifi yako?" Akanitupia ncha ya shuka. Tukalikamua, yeye huku, mimi kule. Tukalianika. Akachukua nguo nyingine, akainama. Nikaondoka.

Fundi cherehani naye nimemwambia. Amesema amesikia. Kisha akauliza kama ni kweli umekonda. Ile suruali yako ya kijivu iliyobaki hapa ameichukua, anaipunguza kiuno.

Kula vizuri.

Ni mimi dada yako.

Tarehe 14 Novemba

Dada, shikamoo.

Nimepata barua. Mimi mzima. Bado niko stoo.

Suruali usiitume. Nitakuja kuichukua mwenyewe. Nitapita kwa mama mkwe kwanza.

Goti lipumzishe.

Mdogo wako.