Hatukugawana Akili Tumboni

Kwako Kulwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, kila mara nikiudhika zaidi. Unasema kijiji kimekuchagua ukajifunze ukunga, mwenyekiti anataka jibu Ijumaa, nawe umemwambia atafute mwingine. Sababu? "Akili ulichukua wewe, mimi nilipewa mikono." Dada, umenichosha.

Maneno hayo ni ya bibi. Kila likizo nikija nyumbani Ipole nawakuta mnafunga majani ya tumbaku, naye anatuonyesha kwa kidole: "Hawa waligawana humo humo tumboni." Wewe unacheka. Na mama, aliyetulea sawasawa mpaka ukiumwa wewe nami nanyweshwa dawa, anaendelea kufunga majani.

Sasa sikiliza. Juzi mwalimu wa baiolojia alituchorea ubaoni mtoto anavyoanza. Anafundisha kwa Kiingereza, nakutafsiria ninavyoweza. Mwanzo ni chembe hai moja tu. Inakuwa mbili, nne, nane, mpaka kidonge chenye vinundu vinundu. Halafu kidonge kinakuwa na uwazi ndani, kama mpira, na upande mmoja zinajikusanya chembe chache. Hizo chache ndizo zitakazokuwa mtu. Wakati huo hazijapangiwa kazi bado: yoyote inaweza kuwa mfupa, ini, jicho au ubongo. Na mapacha wa kufanana kama sisi ni kidonge kimoja kilichogawanyika siku hizo za mwanzo.

Unanijua, darasani sifungui mdomo. Siku hiyo nikasimama, nikauliza, "Kikigawanyika, akili inakwenda upande gani?" Darasa likacheka. Mmoja nyuma akasema, "Upande wa huyu haikwenda." Mwalimu akangoja wanyamaze, akasema hakuna anayekatiwa kipande, kila upande unaanza na vyote.

Nikakaa. Badala ya kufurahi, niliona aibu, na wewe unajua kwa nini.

Unakumbuka shuleni Igalula, darasa la saba? Nikiitwa nijibu kwa sauti, ulimi unaganda. Tukaanza kubadilishana viti. Sare moja, sura moja. Mwalimu akiita "Doto", unasimama wewe. Ulijibu kila kitu, kisha njiani unanipiga kikumbo: "Leo umejibu vizuri, Doto." Ikafika zamu yetu ya kuhamia Ipole, kijiji cha ujamaa, na mmoja wetu ilibidi aache shule akasaidie shamba jipya. Baba akamwuliza mwalimu nani abaki amalize. Akajibiwa, "Doto. Huyo ndiye anayejibu."

Nilikuwa mlangoni, Kulwa. Nilisikia, sikusema neno. Nawe ulifunga nguo zako ukaondoka kimya, na hilo linaniudhi mpaka leo. Kosa ni langu, sikatai. Lakini ule uongo tuliutunga wawili, tukijua ni uongo. Imekuwaje wewe ukauamini?

Nenda kwa mwenyekiti kabla ya Ijumaa. Mwambie umebadili mawazo.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Ni ya baba, nimemweleza yote, hadi viti. Yeye hajui kusoma, kwa hiyo utamsomea wewe, mama na bibi wakiwepo. Soma kwa sauti kama ulivyokuwa ukisoma Igalula, na usiruke mstari.

Ni mimi, pacha wako uliyemjibia,
Doto