Mjomba, Nguo za Mama Sijazifunga

Salale,
Kibiti.
18 Mei 2025.

Mpendwa Mjomba Abdulrazaq,

Shikamoo mjomba. Habari za Kahama na vumbi lake? Mkaza mjomba hajambo? Na lile goti lako limekubali kukunjika, au bado unasali kitini kama bwana mkubwa? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mimi sauti imekwenda yote. Ndiyo maana simu zako sikupokea, ungesikia chura. Barua hii anashuka nayo rafiki yangu Yassin kwa boti ya Nyamisati kesho, aipakie basi la kuja huko. Mwandiko usiushangae. Niliishia kidato cha pili, lakini Salale nzima hakuna anayekunja herufi kama mimi.

Mjomba, ujumbe wako ulifika. Umesema Ijumaa unakuja kumchukua Mama akatulie kwako, maana jirani yetu Bi Zawadi amekupigia kwamba dada yako, tangu atoke eda ya marehemu Baba, anashinda shambani peke yake anapiga kelele na kutukana hewa. Ukaniagiza nimfungie nguo. Sijazifunga.

Bi Zawadi hakusema uongo. Nilikwenda kuhakikisha mwenyewe. Mpunga umeingia maziwa na kwelea wameshuka kama walioalikwa, kwa hiyo Mama kutwa yuko juu ya dungu, kile kichanja chetu cha kuamia ndege. Nikajibanza ndani ya mpunga. Nyoka wa huku wananijua, hawanigusi. Mara nikasikia:

"Hoooo! Tokeni! Nyie hamfiwi? Mshamu! Umeondoka hujaniaga, umeniachia shamba na hili jitoto lako linalojisifu kutwa, jembe hata kulishika halijui!"

Hapo alikuwa anamwita Baba, na jitoto ni mimi, mjomba. Nilitaka kusimama nijitetee.

Akazungusha kombeo, donge la udongo likaenda, kundi zima likaruka. Akaanza tena. Alimgombeza Baba, akamlilia, akawatukana kwelea mpaka bibi zao. Kisha akanywa maji, akajifunga khanga vizuri, akasema bila hata kugeuka:

"Wewe unayetambaa kama kenge, panda huku. Upande wa mtoni wanakula."

Nikapanda, nikapiga ukelele wangu. Kwa maoni yangu ulikuwa mzuri.

"Huko ni kuita kuku," akasema. "Toa la tumboni."

Nikavuta pumzi nipige "hooo", likatoka "Baba!" Sijui lilikotoka. Nikamwambia marehemu ile mashine ya boti aliyosema nitaiua, nimeitengeneza mimi, inawaka ukivuta mara moja tu, na yeye hakungoja hata kuisikia. Nikaendelea mpaka koo likagoma. Machoni palikuwa na maji, lakini jua nalo lilikuwa kali, watu wasizue. Mama hakunibembeleza. Alinipa kombeo, akasema, "Kushoto kwako, wamerudi." Baadaye akamega muhogo, kipande kikubwa akanipa mimi.

Jioni tulirudi nyumbani wote tumekauka sauti. Mdogo wangu Yasmin akaangusha sahani mbele ya Mama, ikavunjika. Mama akamwambia tu asikanyage vigae, akamkalisha, akamsuka nywele huku anasikiliza umbea wote wa shule. Hapo ndipo nilipokaa nikafikiri. Tangu msiba huyu mwanamke hajatufokea hata siku moja. Nilidhani hana uchungu, na nilimwekea kinyongo kwa hilo. Kumbe anao mwingi, ila anaumalizia kwa ndege, sisi tukipata mtu mzima anayecheka. Mjomba, unanijua mimi simsifu mtu ovyo, sifa nyingi huwa najiwekea mwenyewe. Lakini kwa dada yako nimevua kofia. Ukimpeleka Kahama, huko atampigia nani kelele? Mkaza mjomba?

Nilimwambia habari ya safari yako. Alicheka sana, halafu akasema, "Mwambie aje. Alibeba jeneza la Mshamu, rafiki yake, akapangusa mikono, akakimbilia boti. Hajalia yule. Upande wa mikoko hauna mtu wa kuamia."

Na mimi nilikuona makaburini, mjomba. Ulikuwa unameza machozi.

Basi njoo, lakini begi la kumfungia Mama liache. Njoo na nguo za matope. Ngazi ya dungu nimeifunga kamba upya, vipandio vyake nimevisogeza karibu karibu, goti lako lisipate kisingizio.

Nisalimie mkaza mjomba, na mwanao Ismaily mwambie bado namshinda kuogelea. Yasmin anakuamkia, anadai karanga. Mama anakusalimu kwa mkono, sauti anaiweka kwa ajili ya kesho. Mungu akufikishe salama, akulainishie na goti.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata bila sauti,

Huseni Mshamu