Istikhara Niliyoiacha Njiani

Konde, Pemba
9 Juni 2007

Mpendwa mwanangu Thabit,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Dar es Salaam, wewe na Rahila na Ridha wenu, ambaye nasikia sasa anatembea na kuvunja vyombo. Mimi mzima, ila mguu ule ule, na mvua za mwaka huu zimetuachia matope hadi mlangoni. Muhogo umekubali, alhamdulillahi.

Barua nimeituma kwa sanduku la posta la Rahila kazini kwake, si kiwanja cha ndege, maana sitaki uisome ukiwa karibu ya kurusha ndege. Kama umeifungua umesimama, kaa kwanza.

Simu ninayo, hiyo uliyoninunulia. Tangu juzi nimekupigia mara tatu, na kila ulipoitika nikakuuliza habari za mvua. Utakuwa umejiuliza mama mkubwa kaajiriwa lini na watu wa hali ya hewa. Sikuwa na haja na mvua. Nilikuwa na neno, nikashindwa kulitoa kwa haya.

Neno lenyewe ni hii kazi ya ndege kubwa. Uliponieleza mwezi uliopita kwamba shirika la ndege la Uarabuni, huko Ghuba, limekuita, na kwamba wanataka jibu kabla ya Juni kwisha, uliniomba nimwendee Shehe Nyange akusalie istikhara, Mwenyezi Mungu akuoneshe lenye kheri. Nikakwambia kwa Nyange siendi, tangu uchaguzi hatusalimiani, yeye chama kile na sisi hiki. Nikasema nitakusalia mwenyewe. Ulifurahi.

Wiki ya pili yake nikakwambia nimesali siku tatu na nimeota. Nimeiona ndege kubwa, milango imefungwa, wewe uko dirishani unaniita na sauti haitoki. Ukasema, "Basi mama, jibu limeshatoka. Nitawaandikia kuwa siendi."

Thabit, sikuota kitu. Ndoto ile niliitunga nikimenya muhogo.

Na istikhara sikuimaliza. Nilitia udhu, nikasali rakaa mbili, na ilipofika kuomba dua nikaogopa. Niliogopa nisije nikajibiwa kwamba uende. Nikakunja msala, nikaingia jikoni. Mimi niliyekufundisha kusali, kwa umri huu, nimemkatizia Mungu maneno kwa kuwa sikutaka kusikia jibu lake. Naona aibu hata kuliandika.

Sababu ni ile nusu saa ya kila Alhamisi. Ndege yako ndogo ikitua Chake, abiria wanashuka na wengine wanapanda, na mimi nimekaa na bakuli la pweza wa nazi nakutazama unavyokula umesimama, na mistari yako mabegani. Pale kiwanjani wananiita Mama Rubani. Napenda kuitwa hivyo kuliko inavyomfaa mtu mzima. Tangu marehemu mama yako Rawya aniachie wewe una miaka minne, sijazoea kukaa muda mrefu bila kukuona. Tena nilimkumbuka mjomba wako Abrahman. Aliaga kuwa anakwenda Muscat miaka miwili, na huu wa thelathini tunaziona mvi zake kwenye picha.

Ulinieleza pia kwamba hapa wewe ni kapteni, na kule utaanza tena kiti cha mkono wa kulia, cha msaidizi, pengine wa mtu mdogo kwako. Ulikuwa na wasiwasi wa kweli, ulitaka mtu wa kulipima naye jambo hilo. Mimi nikalidaka nikakuuliza utawezaje kutumwa na vijana. Hatukuzungumza habari ya kazi ya Rahila, wala mafunzo utakayopata, wala yale mandege uliyokuwa ukinichorea ukutani kwa makaa mpaka nikakupiga.

Juzi Alhamisi ndipo nilipojiona nilivyo. Ulikula kidogo, ukaniuliza ile ndege ya ndotoni ilikuwa inapaa au inatua. Nikasema sikumbuki. Kisha nikakutazama unakwenda kuwarusha watu kumi na wawili, na uwongo wangu umo kichwani mwako.

Jana, Ijumaa, nikaenda kwa Shehe Nyange. Nilidhani atanifungia mlango. "Karibu, Bi Zuweina. Miaka miwili hupiti kuno," akasema, akanitolea kiti, na siasa hakuitaja. Nikamweleza yote. Hakunipunguzia hata kidogo. "Umemkosea Mola na umemkosea mtoto. Kwani weye ndo mrusha ndege? Mwenye jambo ndiye wa kusali. Mwambie kweli, kisha mwache asali mwenyewe."

Basi nakwambia. Kama hujawaandikia, ngoja. Kama umeshawaandikia, waandikie tena upesi, mwezi haujesha. Sali mwenyewe, kaa na mkeo, waulize wenzako waliotangulia huko, kisha amua. Ile ndoto itoe kichwani, haikuwa kitu. Nisamehe ukiweza. Alhamisi ijayo sitakuja kiwanjani, maana sijui nitauweka wapi uso wangu. Bakuli atakuletea Masika, mwana wa jirani.

Nisalimie Rahila, na umwombe radhi kwa ajili yangu, kwa kuwa ni maisha yake pia niliyoyachezea. Mbusu Ridha. Bi Mwatum wa nyumba ya pili anakusalimu, na shangazi yako Bimkubwa wa Wingwi anauliza utakuja lini. Mwenyezi Mungu akuongoze kwenye kheri yako, na anipe mimi moyo wa kuipokea.

Ukiniuliza leo hii nataka nini, nataka ubaki. Nisingekuwa mkweli nikisema vingine. Lakini hayo ni matakwa ya Zuweina, na safari hii nimeyatia jina langu mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye na nikuoneaye haya,
Mama mkubwa wako,
Zuweina