Presha Yangu, si Yake

Jumatano, Wete

Mia moja na tisini! Mpaka sasa siamini. Miye, niliyekimbia kilomita kumi na tano alfajiri ya leo!

Nilikwenda hospitali kumsindikiza mume wangu, Baba Rukia, akapimwe presha. Yeye ndiye mnene, yeye ndiye mpenda sukari, nami nimemsema miaka. Yake ikatoka sawa kabisa. Nikanyoosha na mkono wangu, kwa mzaha tu.

Daktari alipima mara tatu. "Bi Maryam, mbio basi kwanza. Mpaka dawa iishushe hii."

"Lakini mwezi ujao nashindana Unguja, na wenzangu wa miaka hamsini na kuendelea!"

"Hushindani, mama."

Njia nzima nilingoja Baba Rukia anicheke. Nilistahili. Hakunicheka.

Naogopa. Mama alikufa kwa presha, nami nilidhani mbio zimeniepusha.

Tulipofika nyumbani alitafuta raba zake za zamani, akazipangusa vumbi. "Daktari kakataza mbio," akasema. "Kutembea pole pole karuhusu. Kesho twende sote."

Miaka kumi namwomba atoke nami. Nilikaa kizingitini nikalia.