Ukuta wa Chumba cha Chini

Jumamosi, 3 Mei

Nimefagia, nimeosha burashi, nimeanika karatasi. Wasichana saba ninaowafundisha kuchora sebuleni kwangu, wamebanana hata mmoja kampaka mwenzake rangi gotini. Hatutoshi. Nataka chumba cha chini. Nyumba ni ya Khala Zuhura, dada yake mama, na kasema nikikipamba kikapendeza, nisomeshe humo. Kisipopendeza, kuna mtu wa Marikiti anakitaka kiwe stoo ya vitunguu.

Jumatatu, 5 Mei

Ukuta mkubwa tumeumaliza. Rangi ya plastiki, ya dukani. Maua ya asumini, milango ya kuchonga, buluu tele. Nimefurahi kupita kiasi.

Ijumaa, 9 Mei

Umefura. Malengelenge ukuta mzima, ukiligusa moja linabanduka kipande kizima. Ukuta wa mawe ya matumbawe hutoa jasho la chumvi, nami nimeuziba kwa plastiki. Nimezaliwa ndani ya kuta hizi! Haraka zangu tu. Khala kachungulia mlangoni.

"Mwanangu, vitunguu havitaki maua."

Nimelia kwa hasira. Kisha nimetafuta kisu cha kukwangulia.

Jumanne, 13 Mei

Nakwangua. Mikono imechubuka. Wasichana wamekuja bila kuitwa, leso vichwani, vumbi mpaka kwenye kope. Khala kanipa mpaka mwisho wa mwezi. Haongezi siku, namjua. Nami siachi.

Jumanne, 20 Mei

Chokaa sasa, kama alivyokuwa akipaka bibi. Kuiloweka, kuichuja kwa kitambaa, kuurowesha ukuta, kupaka nyepesi, kungoja, kurudia. Rangi ya unga nimeichanganya humo humo. Buluu imepoa. Naipenda zaidi.

Hofu yangu ni moja. Hapa mtu akiketi mkekani huegemea ukuta, na chokaa mbovu humwachia unga mgongoni. Khala hana mzaha na buibui lake.

Jumamosi, 31 Mei

Khala kateremka. Kaketi mkekani, kaegemea maua yangu kwa mgongo wote. Kanywa kahawa. Kasema habari za wakwe, za bei ya samaki, za goti lake. Ukuta hakuutazama. Nimeitikia tu, sikusikia neno.

Kainuka. Nimemtazama mgongo mpaka alipotoka. Buibui jeusi, jeusi lote.

Ufunguo kauacha mkekani. Khala si mtu wa kusahau vitu.

Nimeteremsha karatasi na burashi zote.